Gari Limesimama Igale

Nimeliegesha pale lami inapopinda mara ya mwisho
kabla ya kuteremkia Rungwe,
pua ikitazama ukungu, mgongo ukiitazama Mbeya.
Hailaksi ya marehemu mume wangu, mlango wa kushoto haufunguki,
antena ya sumaku juu ya paa,
redio chini ya kiti, na uso wake wenye namba
nimeubandika kwenye dashibodi kwa gundi ya fundi viatu.

Nilibonyeza kitufe hadi ikalia mara mbili.
Tangu hapo si yangu tena.
Kinachoingia kwa mia nne thelathini na tatu
kinatokea kwa mia moja arobaini na tano,
na majibu yanarudi kwa njia hiyo hiyo, kinyumenyume.
Nguvu nimeishusha, wati kumi zatosha:
kutoka huku juu hata mnong'ono unafika Iyunga.
Kule Katumba kwa Gwamaka, wati tano za mkononi
hazivuki migomba ya jirani.

Mnara wa simu ulipigwa radi Jumanne.
Leo Ijumaa.

Anaanza yeye: "Tumpe, unanipata? Ova."
Kimya. Feni ya redio inazunguka.
Kisha dada mtu, katoka zamu ya usiku,
sauti kavu kama pareto iliyoanikwa:
"Nakupata. Sema."

Miaka minne hawa hawajasalimiana.
Kisa ni kishamba cha chai, mistari kumi na miwili,
Katumba nzima inajua, na mimi najua,
nilikuwepo kwenye kikao, nilikunywa soda yao.

"Dawa za mama za presha zimekwisha."
"Zipi? Nyeupe au za pinki?"
"Nyeupe. Za pinki zimebaki nne."
"Asimeze mbili kwa mpigo kufidia. Umesikia? Rudia."
"Asimeze mbili."
"Na chumvi?"
"Anajitilia mwenyewe, hasikii."
"Ficha kopo."

Nimewahi kuwa mshenga, mara mbili, ndoa moja ilidumu.
Mshenga hupunguza. Tusi hulivika fumbo,
mahari huipaka asali njiani.
Gari langu halina ustaarabu huo.
Neno likiingia na kikohozi linatoka na kikohozi,
na mvua iliyo juu ya bati la mama yao
inanyesha vilevile Iyunga, kwenye chumba chenye jua.

Halafu mtu akabonyeza, asiseme.
Taa ikawaka nyekundu.
Nikasikia pumzi, kiti kikiburutwa, pumzi tena,
na redio ikakivusha mlima kimya kile
kwa uaminifu ule ule iliovushia hesabu ya vidonge.
Namba zilinionyesha ni upande gani.
Sisemi.
Dakika tatu zilipotimia saa ya ndani ikakata,
kwa kuwa mashine haijui kusubiri mtu amalize.

Kila dakika kumi utaratibu unataka nijitaje.
Nachukua kile kiredio kidogo cha mkononi,
natamka jina langu la hewani, herufi na namba, basi,
kama anayekohoa mlangoni
ili waliomo wajue hawako peke yao.

Mjumbe hauawi, wanasema. Kweli.
Lakini huchemka:
nimegusa bati la redio, nimeondoa mkono.
Volti kumi na moja nukta nane.
Nawasha injini, isije ikatufia katikati ya sentensi.

Binti mwenye ndoo ya karoti anagonga kioo.
"Mama, unaongea na nani?"
"Siongei."
"Na hao?"

Nanunua mafungu mawili, makubwa kuliko ninavyohitaji.
Chini ya kiti mtu anasema,
"Tumpe. Bado upo?"
na feni, iliyokuwa imeanza kutulia,
inazunguka.